SHIKAMOO YA KULAZIMISHWA HAINA MARAHABA: Kulea watoto wenye adabu hapa Ubelgiji

Katika safu hii ya afya tumezoea kuzungumzia shinikizo la damu, kisukari, chanjo na mambo ya uzazi. Leo naomba tubadilishe kidogo, tuongee kuhusu adabu na heshima ya watoto wetu. Najua wengine watauliza, nesi na adabu za watoto wapi na wapi? Subirini kidogo mtaona.

Mimi ni muuguzi. Kazi hii nilisomea Dar es Salaam, na nilipofika Brussels ikabidi nirudi darasani tena, safari hii kwa Kifaransa, kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi hospitalini. Kwa miaka mingi nimekuwa wodi ya watoto. Mara nyingi mzazi wa kwetu akishamaliza kuniuliza kuhusu homa au kikohozi, hunivuta pembeni na kusema, "Dada, huyu mtoto hanisikii kabisa. Huku watoto wanaharibika. Nifanyeje?" Swali hilo nimelisikia kwa Kiswahili cha Dar, cha Mombasa, cha Bujumbura, cha Bukavu na cha Lubumbashi. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana aliyenifundisha somo hili ni mwanangu.

YALIYONIKUTA MIMI

Mwanangu wa kiume amezaliwa hapa hapa Brussels. Alipokuwa na miaka saba, Jumapili moja tulimpigia simu baba yangu aliyeko Tanga. Mzee alikuwa anaumwa na alitaka kuisikia sauti ya mjukuu. Nikampa mtoto simu, nikamwambia, "Msalimie babu. Sema shikamoo." Akanyamaza. Nikarudia kwa ukali. Akajibu kwa Kifaransa kwamba hataki, akaisukuma simu. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikamzaba kibao, na mzee anasikia kila kitu.

Mtoto akaangua kilio. Nikaichukua simu nikaanza kuomba radhi: "Baba nisamehe, watoto wa huku hawana adabu." Mzee akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mwache mtoto. Shikamoo ya kulazimishwa haina marahaba."

Wiki hiyo hiyo mwalimu akaandika kwenye lile daftari lao la mawasiliano, journal de classe, akiniomba nifike shuleni. Usiku ule sikulala. Nilijua wamegundua kile kibao. Kazini mimi ni mmoja wa waliofundishwa kuangalia alama kwenye mwili wa mtoto na kuandika taarifa, na sasa zamu yangu ya kuandikwa imefika! Kumbe mwalimu hakujua lolote. Alichotaka kuniambia ni kwamba mtoto ni mwerevu lakini hana adabu. "Ninapomwonya hanitazami usoni," alisema. "Anaangalia chini tu na kunyamaza. Naona kama ananidharau, au kuna kitu anaficha."

Sikuamini masikio yangu. Kuangalia chini mkubwa anapokuonya ndiyo adabu niliyomfundisha mimi!

Basi nyumbani tulimwona hana adabu, shuleni walimwona hana adabu, na mtoto wa watu hajui kosa lake ni lipi. Jioni ile nilimkalisha, nikamwomba radhi kwa kile kibao, kisha nikamuuliza kwa upole kwa nini alikataa kumwamkia babu yake. Akanijibu, "Sijui maana yake, mama. Hakuna mtu anayesema hivyo. Wewe na baba hamsemi. Wewe unalisema ukiwa umekasirika tu."

Nilikosa la kujibu, maana alisema kweli.

ADABU NI KAMA LUGHA

Mimi nilikulia Tanga. Kabla sijajua kutembea nilikuwa nimeshaisikia shikamoo mara elfu. Mama alimwamkia jirani, kaka alimwamkia mwalimu njiani, muuza samaki alimwamkia bibi pale mlangoni, na bibi akaitikia marahaba kwa sauti iliyojaa furaha. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Nilipofika umri wa kusema, neno lilikuwa limeshakaa mdomoni linangoja zamu yake. Na nikikosea barabarani, mama yeyote wa mtaa alikuwa na haki ya kunionya, na habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Sasa tazama mtoto wetu wa hapa. Anaishi ghorofa ya tatu, jirani hamjui hata kwa jina. Baba yuko zamu ya usiku, mama ameondoka alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini au kazi ya hospitali. Bibi yuko mbali, shangazi yuko mbali. Kazi iliyofanywa na mtaa mzima imewaangukia watu wawili waliochoka, na wakati mwingine ni mama peke yake. Maneno ya heshima ambayo sisi tuliyasikia tangu asubuhi mpaka usiku, yeye anayasikia mara moja kwa wiki kwenye simu, tena pamoja na makelele.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kusema mtoto ameitupa adabu yetu, jiulize kwanza kama aliwahi kupewa. Mtoto hajifunzi lugha kwa kupigwa kwa sababu ya maneno ambayo hajayasikia. Anajifunza kwa kuyasikia kila siku, kutoka kwa watu anaowapenda, katika mambo madogo madogo. Adabu nayo ni hivyo hivyo.

Natumia shikamoo kama mfano kwa sababu ndiyo ya kwetu. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wanayo "jambo baba, jambo mama" yao, wenzetu wa Burundi wana amahoro, na Wakenya wa bara wanapeana mkono na habari. Kila mmoja aichukue ya kwao. Somo ni lile lile.

MTOTO ANAHITAJI ADABU MBILI

Wazazi wengi wanaogopa kwamba mtoto akijifunza adabu za Kibelgiji atasahau za kwetu. Hofu hiyo iondoeni. Mtoto anayezungumza Kifaransa shuleni na Kiswahili nyumbani hachanganyikiwi, bali anajua nani azungumze naye lugha gani. Lakini lazima umwambie wazi kwamba zipo adabu mbili, na zote ni adabu. Nawapa mifano inayotuletea matatizo zaidi:

1. Macho. Kwetu mtoto akionywa huinamisha macho. Hapa mwalimu husema, "Nitazame ninapoongea na wewe." Mwambie mtoto: shuleni mtazame mwalimu, nyumbani kwa babu unaweza kuinamisha macho. Na wewe mwambie mwalimu mwanzoni mwa mwaka kwamba kwenu kuangalia chini ni heshima. Mimi nilipomweleza yule mwalimu alishangaa, akacheka, na tangu siku hiyo mambo yakawa mazuri.

2. Kuomba. Katika Kiswahili heshima imo ndani ya kitenzi chenyewe. "Nipe maji" na "naomba maji" ni vitu viwili tofauti, hata kama tafadhali haikutajwa. Kwa Kifaransa mtoto asipotamka s'il vous plaît anaonekana anaamuru. Tena hapa Ubelgiji wana desturi yao: muuzaji akikukabidhi chenji husema s'il vous plaît, kama sisi tunavyosema karibu. Mtoto akipokea kimya kimya anaonekana mkavu. Mfundishe kuitikia merci.

3. Majina. Kwetu hakuna kumwita mtu mzima kwa jina tupu. Yuko mama fulani, baba fulani, shangazi, mjomba, baba mkubwa, mama mdogo, dada, kaka. Hapa watoto wengi wadogo humwita mwalimu Madame na jina lake la kwanza, na mzazi wa rafiki yao humwita jina tu. Usimgombeze mtoto kwa kufuata desturi ya hapo alipo. Ila akifika Matonge dukani, pale Porte de Namur, akamkuta mama wa Kikongo nyuma ya meza ya pondu na ndizi, ajue huyo ni "mama."

4. Kusema mbele ya wakubwa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kwetu wakubwa wakizungumza mtoto hukaa kimya. Hapa shule inampa alama kwa kutoa maoni, na haki ya mtoto kusikilizwa katika mambo yanayomhusu imo ndani ya Katiba ya nchi tangu 2008. Nyumbani kwetu tulikubaliana hivi: kusema unaruhusiwa, kukatiza hairuhusiwi. Anayetaka kusema husubiri mkubwa amalize, kisha husema "samahani, naomba niseme." Wewe nawe ukiombwa hivyo, msikilize kweli. Usipomsikiliza, kesho hataomba tena.

NA FIMBO JE?

Hapa ndipo afya inapoingia hasa. Najua tumelelewa kwa fimbo na tunasema, "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Kuna na methali ya kujitetea: mcha mwana kulia hulia yeye. Lakini isomeni tena hiyo methali, haijataja fimbo popote. Inasema usiogope mtoto kulia. Ukimnyima simu atalia, ukimlaza mapema atalia, ukikataa kununua kitu dukani atalia mbele za watu. Mwache alie. Huko ndiko kutomcha mwana. Na ile ya samaki mkunje angali mbichi, samaki mbichi hukunjwa kwa mkono taratibu. Wa kutumia nguvu ni yule mkavu, na huyo huvunjika.

Mtoto anapopigwa, mwili wake unaingia katika hali ya hatari: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, akili yote inatafuta njia ya kukimbia. Wakati huo somo haliingii. Kinachobaki kichwani ni uso wako ulivyokuwa, siyo kosa alilofanya. Atajifunza kuogopa, na kuogopa kunaisha ukitoka mlangoni. Heshima ndiyo inayobaki hata usipokuwepo. Katika ripoti yake ya Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watoto bilioni 1.2 hupigwa majumbani kila mwaka, na likaeleza kwamba kupigwa hakuna faida yoyote katika tabia zao, ila kunawaongezea hatari ya wasiwasi, huzuni na ugomvi. Siyo mambo ya wazungu tu: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, nayo inakataza adhabu ya viboko.

Kwa hapa Ubelgiji, kifungu cha 22bis cha Katiba, kilichoingizwa mwaka 2000, kinampa kila mtoto haki ya kuheshimiwa mwili wake na utu wake. Kumpiga mtoto na kumwumiza ni kosa la jinai, na anayepiga akiwa mzazi kosa huwa zito zaidi. Mwalimu, daktari au muuguzi akiona alama tunawajibika kuchukua hatua ya kumsaidia mtoto. Hatufanyi hivyo kwa chuki.

Hata hivyo msiishi kwa hofu kwamba "watatuchukulia watoto." Upande wa lugha ya Kifaransa kuna ofisi inayoitwa SAJ, inayosaidia vijana na familia. Kazi yao inaanza kwa kuwaita wazazi na kuongea nao, na msaada wao ni wa makubaliano. Jaji huingia pale mtoto akiwa hatarini na makubaliano yameshindikana. Ukipata barua yao usiitupe na usihame mtaa. Nenda, omba mkalimani kama Kifaransa kinakusumbua, na unaweza kufuatana na mtu unayemwamini au wakili. Nimeona familia zilizosaidika sana kwa sababu tu ziliitikia wito.

Jambo moja zaidi: acheni kumtishia mtoto kwamba "nitakurudisha Afrika." Mtoto akisikia hivyo kila siku, nyumbani kwa babu na bibi kunakuwa jela kichwani mwake. Halafu tunashangaa kwa nini hataki kuwaamkia!

MAMBO YA KUFANYA KILA SIKU

Hakuna dawa ya kunywa mara moja. Dawa ni kidogo kidogo kila siku, kama tunavyompa mgonjwa vidonge kwa saa.

Asubuhi. Wewe mzazi anza kusalimia. "Umeamkaje mwanangu?" Baba na mama wasalimiane mbele ya watoto. Sekunde kumi tu, na siku yote inabadilika.

Unapomwonya. Shuka mpaka macho yenu yalingane. Sema maneno machache: kosa ni hili, linalotakiwa ni hili, hebu rudia vizuri. Aliyemwaga apanguse, aliyetukana aombe radhi. Usichanganye makosa ya mwezi mzima katika hotuba moja. Na usimseme mbele ya rafiki zake.

Anapofanya vizuri. Sisi tuna ubahili wa kusifu. Akisema asante bila kukumbushwa, mwambie, "Nimefurahi ulivyosema." Atarudia kesho.

Mezani. Jitahidini kula pamoja angalau mara kadhaa kwa wiki, hata kama ni chakula kidogo. Hapa shule zinatoka mchana siku ya Jumatano, kwa hiyo anayepata nafasi aitumie kupika na watoto. Mrudishieni mtoto kazi ya kunawisha wageni kwa birika na beseni, mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Mtoto anayemnawisha mgeni anajifunza kuinama kwa heshima, na wakati huo huo mnajikinga na yale magonjwa ya kuharisha yanayozunguka shuleni kila majira ya baridi. Wageni na wazee wahudumiwe kwanza. Mkono wa kulia kwa ugali na wali, na uma na kisu ajue pia kwa sababu ya shuleni.

Kwenye metro na tram. Waacheni wanaoshuka washuke kwanza. Mtoto avue begi mgongoni. Akiingia mzee au mama mjamzito, usimwamuru mtoto asimame huku wewe umekaa. Simama wewe kwanza. Mara ya tatu atakuwa ameshakutangulia.

Simu. Mtoto anarudi kutoka shule anakusalimia, na wewe unaitikia "mmh" macho yako yako WhatsApp. Hilo ndilo somo alilopata siku hiyo. Shule za lugha ya Kifaransa zimewakataza wanafunzi kutumia simu kwa mambo yasiyo ya masomo tangu mwaka wa masomo ulioanza Agosti 2025. Tuige nyumbani: wakati wa kula simu zote zikae kwenye kikapu kimoja, za wakubwa zikiwemo. Kwa wadogo, WHO mwaka 2019 ilishauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku.

Usingizi. Mtoto mwenye usingizi hana adabu, hata awe malaika. Wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13, na wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Mwezi Juni hapa Brussels jua linazama karibu saa nne usiku, na mtoto anaona bado mchana. Wekeni pazia zito na alale kwa saa yake. Wazazi kadhaa walioniletea malalamiko ya "utundu" walirudi kuniambia kwamba kulala mapema tu kulimbadilisha mtoto.

KABLA YA KUMWITA MTOVU WA ADABU, MPIME

Hapa naongea kama muuguzi. Mtoto anayeitwa mara tatu haitikii huenda hasikii vizuri. Mafua ya mara kwa mara huacha maji ndani ya sikio, na wiki nyingi zinapita mtoto anasikia kama mtu aliye chini ya maji. Nakumbuka mtoto mmoja ambaye baba yake alikuwa anamwadhibu kwa ukaidi, kumbe masikio yote mawili yalikuwa yameziba. Yule baba alilia pale pale kliniki.

Mwingine hawezi kutulia, haongei kama wenzake, au hatazami mtu yeyote usoni, hata mama yake. Huyo anahitaji kuonwa na daktari, maana inawezekana ni tatizo la ukuaji na siyo tabia mbaya. Na mtoto aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, akaanza kutukana, kukojoa kitandani au kukataa shule, muulize taratibu nini kimemtokea. Kliniki za ONE huwapokea watoto bure mpaka miaka sita, na upande wa Kiholanzi wapo Kind en Gezin. Msiende kwa ajili ya chanjo tu. Haya ya tabia nayo yaulizeni pale pale.

HESHIMA SIYO KUNYAMAZIA UBAYA

Hili naomba lisomwe mara mbili. Tukimfundisha mtoto kwamba mkubwa hakataliwi jambo lolote, tumemfungulia mlango mtu mbaya. Mtoto amwamkie mjomba, amletee kiti, amnawishe. Lakini mtu yeyote, awe ndugu, jirani au kiongozi wa dini, akitaka kumshika mahali pasipofaa au kumwambia "usimwambie mama," mtoto ana ruhusa ya kusema hapana, kuondoka na kuja kusema. Mwambie kwa maneno hayo hayo, kwa Kiswahili. Na siku akija kukwambia, usimjibu "mtoto mwongo wewe, unamsingizia mkubwa." Upande wa Kifaransa mtoto au mzazi anaweza kupiga 103 bure bila kutaja jina, na upande wa Kiholanzi watoto hupiga 102. Hatari ya papo hapo ni 112.

NA SISI WAZAZI TUWE NA ADABU

Kuna mambo tunayafanya yanayotushusha machoni pa watoto bila kujua. La kwanza ni kumtumia mtoto kama mkalimani kwa daktari au kwenye ofisi ya commune. Mtoto wa miaka kumi anamweleza daktari ugonjwa wa mama yake, anajifunza siri za wakubwa, na moyoni anaanza kuona kwamba mzazi ndiye mtoto. Hospitali nyingi zina wapatanishi wa tamaduni, mpango unaolipiwa na serikali tangu 1999, na siku hizi hata kwa video. Uliza kabla ya siku ya miadi. Na wewe mwenyewe, hata kama umechoka, jifunze Kifaransa au Kiholanzi kidogo kidogo. Mtoto akikuona unasoma atakuheshimu zaidi.

La pili ni kutukanana baba na mama mbele ya watoto, au kumsema vibaya mzazi aliyeondoka. La tatu ni kushindwa kuomba radhi. Mimi nilidhani nikimwomba mwanangu radhi nitashuka. Kumbe siku ile ndiyo alianza kunisikiliza.

MWISHO WA HADITHI YA MZEE

Baada ya yale maneno ya mtoto, mimi na mume wangu hatukumlazimisha tena. Tulianza sisi. Kila Jumapili tuliweka simu ya sauti kubwa mezani, nikamwamkia baba kwa furaha kama nilivyofanya utotoni, mume wangu naye akamwamkia, mzee akaitikia. Nikamweleza mtoto kwamba wazee husema neno hilo limetokana na kushika miguu ya mkubwa. Alicheka sana, akawa anashika miguu yangu akipita. Nikaanza pia kumwamkia mama mmoja mtu mzima wa Kitanzania tuliyekuwa tukikutana naye sokoni, mtoto akiwa pembeni ananitazama.

Ilichukua kama miezi miwili. Jumapili moja, bila kuambiwa, alivuta kiti akasogea kwenye simu akasema, "Babu, shikamoo." Upande wa pili kukawa kimya, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha mzee akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba sana." Wakaongea kwa Kiswahili kibovu na kicheko kingi.

Baba yangu alifariki mwaka uliofuata. Mwanangu sasa ni kijana mrefu kunishinda, na ana makosa yake kama vijana wote. Lakini mgeni mzima akiingia nyumbani kwetu huinuka kwenye kiti bila kuambiwa.

Wazazi wenzangu, msikate tamaa. Anzeni na neno moja wiki hii, na alisikie kwanza kwenu. Tukutane tena katika safu hii panapo majaliwa. Nawatakieni afya njema, ninyi na watoto wenu.

Ni mimi muuguzi wenu,
Brussels